Mgongo wa mati za kiwandani unapomung'unyika

*"Nina gari la michezo la viti viwili la mwaka 1992, na bado lina mati zake mbili za kiwandani. Kwa juu ni nzuri: manyoya yamesimama, nembo iliyotariziwa haijachujuka. Shida iko chini. Mgongo wa mati ya abiria unaacha unga mweusi kila nikiinua. Wa dereva umekuwa laini, unanata, na umeacha doa la kahawia kwenye kapeti ya kijivu iliyo chini yake. Niliupulizia dawa ya kung'arisha matairi nikidhani mpira umekauka. Ukapendeza wiki mbili, halafu ukazidi kunata. Nimeshauriwa nipake poda ya mtoto. Fundi mwingine yuko tayari kubandua mpira wote na kubandika mpya kwa gundi ya viatu. Pia nimeona mati za aina hiyo zinauzwa kama mpya, hazijawahi kutoka kwenye mfuko wake, kwa bei ya kutisha. Gari naliendesha mara mbili tatu kwa mwezi. Nitengeneze, ninunue, au niache zilivyo?"*

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili: kwamba kitu cha asili cha gari lako kinakufia mikononi, na kwamba ukikigusa vibaya utakimaliza mwenyewe. Ya pili ndiyo ya kushughulikia kwanza. Mati hizi zimeharibika polepole kwa miaka thelathini, na hazitaisha wiki hii. Lakini gundi ya viatu inaweza kuzimaliza kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Toa mati zote mbili garini, uziweke bapa mahali penye ubaridi, uendeshe ukiwa na mati nyingine za kawaida zinazokaa sawasawa. Mgongo uliokufa haufufuki, na hakuna dawa ya kopo itakayoubadilisha. Kinachookolewa ni uso. Uso wa mati zako bado mzima, kwa hiyo huna sababu ya haraka.

Mati ya gari la miaka hiyo ina tabaka kadhaa, na kila tabaka lina umri wake. Juu kuna manyoya, mara nyingi ya nailoni, na kwenye magari ya bei kubwa wakati mwingine ya sufu. Manyoya hayo yameshonwa kwa sindano kwenye kitambaa chembamba kilichofumwa, ambacho kwa kawaida ni cha polipropilini. Nyuma ya kitambaa hicho kumepakwa lateksi, mpira wa majimaji unaokauka na kushika mizizi ya kila kishungi cha manyoya ili kisichomoke. Nyuma ya lateksi ndipo unapokuja mgongo wenyewe: mpira, PVC (aina ya plastiki), povu au feli (kitambaa cha nyuzi zilizogandamizwa). Kuzunguka yote kuna pindo la kitambaa, vinaili au ngozi, lililoshonwa kwa uzi. Nailoni ikikaa mbali na jua inadumu miongo mingi. Mpira haudumu hivyo, hata gari likikaa tu bila kutembea.

Tangu Charles Goodyear apate hati miliki yake Marekani mwaka 1844, mpira umekuwa ukipikwa na salfa ili minyororo yake mirefu ifungane, isiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Ila minyororo ya mpira wa asili, na ya aina nyingi za mpira wa viwandani, ina sehemu dhaifu ambazo oksijeni ya hewani huzishambulia. Shambulio hilo lina njia mbili. Minyororo ikikatika vipande vifupi, mpira unalainika na kunata. Mpira wa asili huanzia hapo. Minyororo ikifungana kupita kiasi, mpira unakuwa mgumu na kuvunjika kama biskuti. Mipira ya stairini na butadieni, inayotumika sana kwenye migongo ya kapeti, huelekea huko zaidi. Kiwanda huchanganya kinga ndani ya mpira ili kuchelewesha hali hiyo. Kinga hiyo hutumika kidogo kidogo hadi ikaisha, na baada ya hapo uharibifu hukimbia. Ndiyo maana wenye magari husema mati "ziliharibika ghafla".

Ule unga mweusi wa mati ya abiria, kwa sehemu kubwa, si mpira. Mgongo wa mati hujazwa chaki na masizi kwa wingi ili uwe mzito na wa bei nafuu. Mpira uliokuwa ukivishika ukifa, vijazio hivyo hubaki bila mwenyewe na kuanguka kama unga. Usiuvute puani, na ukiufagia kwa nguvu utausukuma ndani ya kapeti.

Kwa nini basi mati ya dereva inanata na ya abiria ni kavu, ilhali zilitoka kiwandani pamoja? Upande wa dereva hupata mambo ambayo wa abiria huyapata kidogo: unyevu na mafuta yanayoletwa na soli za viatu, msuguano wa kisigino, na kulingana na gari, joto zaidi la bomba la moshi au la gia chini ya sakafu. Kanuni ya makadirio ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 za selsiasi, kasi ya uharibifu wa namna hii huongezeka karibu mara mbili. Halafu angalia pete au vishikizo vinavyoshika mati sakafuni. Kama ni vya shaba, geuza mati uone mpira ulio kando yake. Mara nyingi utakuta duara laini kuliko kwingineko, la upana wa kidole, kwa sababu shaba huchochea oksijeni kuula mpira wa asili. Mwisho kuna ile dawa ya matairi, na hiyo imechangia.

Dawa za kung'arisha matairi mara nyingi ni mafuta ya silikoni, na nyingi za kopo la kupuliza hubebwa na kiyeyusho cha jamii ya petroli. Kiyeyusho hicho huingia kwenye mpira dhaifu na kuuvimbisha. Ule weusi na ulaini uliokupendeza kwa wiki mbili ulikuwa mpira uliovimba. Kilipoyeyuka hewani, kiliacha minyororo iliyolegea zaidi na utando wa silikoni juu yake. Utando huo una hasara mbili zaidi. Gundi yoyote utakayopaka juu yake haitashika vizuri. Na mati inateleza kwenye kapeti mbele ya pedali. Kama dawa ilirukia pedali zenyewe, osha mpira wake kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, ukaushe, kabla hujaendesha tena. Dhana ya kwamba mpira "umekauka" na unahitaji kunyweshwa mafuta kama ngozi ndiyo inayoua mati nyingi. Mpira haukuwahi kuwa na maji wala mafuta ya kurudishwa namna hiyo.

Poda ya mtoto haina sumu kwa mpira, lakini haitibu kitu. Inazama kwenye utomvu, yaani ule mpira uliolainika, inachanganyika nao kuwa ubandiko wa kijivu, na baadaye haitoki kabisa. Kama unataka tu mati isishike kitu wakati imehifadhiwa, karatasi ya kuokea iliyopakwa silikoni inatosha, na utaibandua wakati wowote bila kuacha alama.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba mgongo wako kweli ni wa mpira. Mgongo wa PVC huzeeka kwa njia tofauti: vilainishi vilivyochanganywa humo hutoka polepole, uso unakuwa na utelezi wa mafuta, kisha mati inakuwa ngumu kama ubao na kujikunja kingo. Mgongo wa povu la poliurethani huvunjwa na unyevu wa hewa. Ukiugusa unadidimia na haurudi, au unageuka makombo yanayonata. Wenye Ferrari za miaka ya 1990 wanaujua ugonjwa wa jamii hiyo kwenye vitufe vya ndani ya gari, ambavyo rangi yake laini hugeuka gundi. Kwa maelezo yako, unga mkavu upande mmoja na kunata upande mwingine, nadhani wako ni mpira. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia kingo na harufu: PVC huwa na harufu ya pazia jipya la bafuni, na mpira una harufu ya tairi. Tofauti hii ina maana kwenye kuhifadhi. Mgongo wa PVC usiulaze juu ya stairofomu (lile povu jeupe la kufungashia), kwa sababu vilainishi vyake vitaiyeyusha na viwili hivyo vitashikana.

Lile doa la kahawia kwenye kapeti ya kijivu linaweza kuwa vitu viwili, na kimoja tu ndicho kinachotoka. Kuna mabaki ya mpira yenyewe, meusi, yaliyokaa juu ya manyoya, hayo yanaondolewa. Na kuna rangi iliyohama. Kinga zilizochanganywa kwenye mpira nyingi hubadilika kuwa kahawia, na kwa miaka mingi ya kugusana huingia ndani ya nyuzi za kapeti kama rangi ya nguo. Hiyo haitoki kwa shampuu, na dawa za kung'arisha zenye klorini zitaipausha kapeti kabla ya kuliondoa doa. Safisha mabaki kwanza, halafu uone kinachobaki. Ikiwa kitabaki kivuli cha kahawia kilichofichwa na mati, kiache.

Kazi ya wiki hii ifuate mpangilio, kwa sababu kila hatua inalinda inayofuata. Kabla ya kuinua chochote, piga picha mati zikiwa mahali pake, kisha kila moja juu na chini, rula ikionekana pembeni. Piga kwa karibu lebo, namba ya kipuri, uzi wa pindo na vishikizo. Halafu chora kiolezo. Tandaza kadibodi ngumu, laza mati juu yake uso ukiangalia juu, karatasi ya kuokea ikiwa katikati, na ufuate ukingo wa nje wa pindo kwa penseli iliyosimama wima. Toboa alama za katikati ya kila tundu la kishikizo na uandike kipenyo chake kwa milimita. Andika pia upana wa pindo, urefu wa manyoya, na mahali nembo inapoanzia kutoka kwenye kingo mbili. Fanya haya sasa, kwa sababu mgongo ukiendelea kufa mati itanywea au kujikunja, na umbo halisi halitapatikana tena. Kiolezo hicho ndicho kitakachomwezesha fundi yeyote kutengeneza nakala inayokaa sawasawa.

Kuinua kwenyewe: vaa glavu na barakoa ya vumbi. Ingiza kipande cha ubao mwembamba au plastiki ngumu chini ya mati kisha uitoe ikiwa imelala juu yake. Usiishike pembe moja na kuivuta, kwa kuwa mgongo utakatika na kubaki sakafuni, na lateksi iliyochoka itaachia vishungi. Kama ya dereva imeshika kapeti, weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake kwa dakika 10 hadi 15. Utomvu ukiganda huachia wenyewe, na hapo unaufuatia kwa mwiko wa plastiki ukiwa umelala chini.

Uso usafishe mkavu kwanza. Mashine ya kufyonza vumbi iwe kwenye nguvu ndogo, mdomo wake ukifunikwa kwa wavu laini ili usimeze uzi uliolegea, na uende kwa mwelekeo wa manyoya. Kama bado ni chafu, jaribu rangi: kitambaa cheupe chenye unyevu, kigandamize kwa dakika moja pembeni na kingine juu ya nembo. Kikitoka na rangi, ishia hapo. Kikitoka safi, changanya mililita 5 za sabuni laini isiyo na magadi kwenye lita moja ya maji yasiyozidi nyuzi 30, pigapiga hadi pawe na povu, na utumie povu peke yake kwa sponji iliyokamuliwa. Fuata na kitambaa chenye maji safi, kisha taulo kavu la kugandamiza. Maji yasifike mgongoni. Kausha bapa kivulini, feni ikipuliza kwa mbali, siku nzima au mbili.

Mashine ya kufulia, mashine ya maji ya shinikizo, mvuke na jua kali ni marufuku kwa mati ya umri huu. Zote hutenganisha tabaka, na manyoya ya sufu hunywea juu yake. Hujui kama yako ni sufu? Chomoa unyuzi mmoja upande wa chini wa pindo, uuchome nje kwa koleo. Nailoni huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika.

Adui mwingine aliyesahaulika ni mashine ya ozoni (gesi ya jamii ya oksijeni) ya kuondoa harufu ndani ya gari. Ozoni hushambulia sehemu zile zile dhaifu za mpira, kwa kasi kubwa kuliko oksijeni ya kawaida, na nyufa zake hutokea pale mpira ulipovutwa au kukunjwa. Matibabu moja makali hugusa mati, mipira ya milango na kila mpira wa ndani wenye asili hiyo. Gari la kuhifadhi lisiingizwe kwenye huduma hiyo hata kama ni bure.

Kapeti ya chini ianze na ufyonzaji wa unga, bila kusugua. Mabaki yanayonata yagandishe kwa barafu, yakwangue kwa plastiki au mti, urudie. Kinachosalia kiguse kwa kitambaa kilicholowana kidogo spiriti ya kuchanganyia rangi ya mafuta, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, milango ikiwa wazi na pasipo moto karibu. Weka spiriti kwenye kitambaa, usiimimine kwenye kapeti kamwe: nayo kapeti ina lateksi nyuma yake, na kiyeyusho kikifika huko utatengeneza tatizo la pili. Geuza kitambaa kila mguso. Ukiendelea na upande ule ule unalipanua doa.

Sasa ofa ya fundi wako. Kuvua mgongo uliokufa na kuweka mpya ni kazi inayowezekana na inafanyika vizuri na watu wanaoijua. Ninachokipinga ni gundi yake. Gundi ya viatu ina kiyeyusho kikali kinachopenya kile kitambaa chembamba kilichoshonewa manyoya na kutokea kwenye manyoya kama doa la njano ambalo halitoki, na inayeyusha lateksi inayoshika vishungi. Ikizeeka huwa ngumu, kwa hiyo mati inaweza kukatika inapokunjika. Gundi ya moto, silikoni ya kuzibia na rangi ya mpira ya kupuliza ziko kundi hilo hilo, na silikoni ni mbaya kuliko zote kwa sababu baada yake hakuna kitakachoshika tena.

Kazi inavyopaswa kufanywa ni hivi. Kwanza fundi ajaribu afya ya lateksi: ashike kishungi kimoja cha ukingoni kwa kibano na kukivuta kidogo. Kikikaa, mgongo unaweza kukwanguliwa. Kikichomoka bila ubishi, kukwangua kutazidi kulegeza vishungi, na mati hiyo ni ya mhifadhi wa nguo wa makumbusho. Kama kimekaa, mati inalazwa kifudifudi juu ya kitambaa laini, mgongo unakwanguliwa mkavu, kidogo kidogo, kwa kisu butu, na mashine ya kufyonza ikiwa pembeni. Nyuma ya nembo ndipo panapoharibiwa zaidi. Mafundo ya uzi wa kutarizi yako pale, yamezama kwenye mpira, na kisu kikiyapita nembo inafumuka kwa mbele. Aachie kisiwa cha mpira wa zamani, sentimita moja zaidi ya nembo kila upande, hata kama kinanata, kitafunikwa.

Kisha lateksi ya maji ya kapeti hupakwa kwa tabaka mbili nyembamba. Kwa mati ya sentimita 70 kwa 50, gramu 150 hivi kwa jumla zinatosha. Wengi hupaka mara moja nzito, na lateksi inanywea inapokauka, ikivuta kingo juu kama sahani. Tabaka la kwanza likauke siku nzima chini ya karatasi ya kuokea na ubao wenye uzito uliosambaa. Baada ya la pili ndipo feli nyembamba ya polyesta inapolazwa, na uzito unarudi kwa siku nyingine. Pindo lisifumuliwe kama halijaoza. Feli inaweza kukatwa ikaishia ndani ya mshono. Na kwa mati ya dereva wako, ile silikoni lazima iondoke pamoja na mpira wa zamani, la sivyo lateksi itaacha matundu kama maji juu ya sahani yenye mafuta.

Ubaya wake nausema wazi: kazi hii hairudi nyuma. Mati itakuwa ya asili kwa juu na mpya kwa chini, na lateksi mpya nayo itazeeka. Ningeifanya kwa mati ya abiria siku mgongo utakapokuwa umeanguka kiasi kwamba uso haushikiki tena. Kwa hali unayoieleza, bado. Ya dereva ningemwonyesha mtu kwanza.

Kuhusu zile za mfukoni: mati iliyokaa miaka thelathini kwenye mfuko imezeeka miaka thelathini. Haijachakaa kwa viatu, ni kweli, lakini oksijeni haihitaji mtu akanyage. Mfuko uliofungwa unaweza hata kuzidisha mambo, kwa kushikilia gesi zinazotoka kwenye mgongo pale pale. Kabla ya kulipa, omba picha ya mgongo kwa karibu, na video ya mtu akiinua pembe moja polepole bila kuikunja na kupitisha kitambaa cheupe juu ya mgongo. Kitambaa kikitoka cheusi, unanunua tatizo ulilo nalo tayari. Muuzaji anayekataa kuitoa mfukoni kwa kuogopa kupunguza thamani amekwisha kukujibu.

Nakala mpya zilizotengenezwa kwa kiolezo chako ndizo ningetumia kuendeshea. Hapa usalama unatangulia uzuri. Mwaka 2009 Toyota ililazimika kuita mamilioni ya magari Marekani kwa sababu mati isiyokaa vizuri ingeweza kunasa pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa, na onyo la wakati huo lilikuwa mati zisilazwe moja juu ya nyingine. Kwa hiyo usitandike nakala juu ya ya asili ili "kuilinda". Nakala ishikwe na vishikizo vya gari. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mafuta, breki na klachi hadi mwisho, moja moja, kisha vuta mati mbele kwa nguvu zako zote na urudie. Pedali ikigusa mati popote, mati ikatwe au irudishwe. Chini ya nakala usiweke zile nyavu za povu za kuzuia kuteleza: nyingi ni za PVC, na zitaacha doa jipya kando ya doa la zamani.

Kuzihifadhi za asili hakuhitaji mtambo. Kila mati ilale bapa kwenye ubao wake, karatasi ya kuokea ikigusa mgongo, kitambaa cheupe cha pamba juu ya uso. Zisilale moja juu ya nyingine, kwani mgongo wa juu utahamishia kahawia yake kwenye manyoya ya chini. Sanduku lisizibwe kabisa. Liwe gizani, nyuzi 15 hadi 20, unyevu wa asilimia 40 hadi 50, mbali na mota za umeme zinazotoa cheche, kwani hizo nazo huzalisha ozoni. Dari na karakana yenye bati havifai, na buti la gari ni pabaya zaidi. Kama nafasi ya kulaza hakuna, zungushia mati kwenye bomba nene, sentimita 15 au zaidi, manyoya yakiangalia nje. Watu huyaficha manyoya ndani wakidhani wanayalinda, na hapo mgongo ndio unaovutwa na kupasuka. Mgongo ukiwa ndani unabanwa tu, na mpira uliochoka unavumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Zikague kila baada ya miezi sita.

Thamani ya gari haitashuka kwa kuwa mati za asili ziko sandukuni. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, katika Hati yake ya Turin linatilia mkazo kuhifadhi kitu cha asili na kuweka kumbukumbu za kila kilichobadilishwa, na wanunuzi makini hufuata mtazamo huo. Sanduku lenye mati zilizochoka, picha zake na kiolezo lina uzito kuliko mati zilizopakwa dawa hadi zikang'aa. Chini ya nakala andika kwa kalamu isiyofutika kwamba ni nakala, pamoja na mwaka. Na lebo ya zamani isihamishiwe kwenye mati mpya. Hiyo ni kughushi, hata kama leo nia ni kupendezesha tu.

Mambo mawili yanataka mtu aje aone kwa macho. La kwanza ni mati ya dereva. Kama kishungi kinachomoka, kama nembo imeanza kulegea, au kama utomvu umepenya hadi kwenye manyoya, tafuta mhifadhi wa nguo, au fundi wa viti na kapeti za magari ya kale mwenye kazi za kukuonyesha. Muulize anatumia gundi gani, atafanyaje nyuma ya nembo, na kama atakubali kuanzia kwenye kipande cha kapeti ya zamani kisicho na thamani. Anayejibu "gundi zote ni sawa" mshukuru uondoke na mati zako.

La pili ni sakafu yenyewe. Mati zikiwa nje, gandamiza karatasi ya kujifutia kwenye kapeti pande zote mbili kwa dakika moja, hasa upande wa dereva ambako kulinata. Ikilowa, maji yanatoka mahali: mpira wa mlango, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba, au rejeta ndogo ya kipasha joto. Ikiwa unyevu una utelezi na harufu tamu, ni maji ya rejeta, na gari liende kwa makanika kabla hujashughulika na mati yoyote, kwa sababu feli iliyo chini ya kapeti inashika maji hayo kwa miezi huku bati la sakafu likila kutu bila wewe kuona.